Mpaka Jicho la Mwisho Lifunguke

Jumatatu, 3 Juni

Nimelala. Usiku mzima, mpaka jogoo wa jirani ndiye aliyeniamsha. Haijatokea tangu mvua zianze.

Chumba changu kiko ubavuni mwa banda la tatu, hatua tatu tu. Dirisha langu na pazia la turubai la banda vinatazamana kama majirani waliogombana. Kuku mia nne wanakunya upande huo huo, kana kwamba kwingine wamekatazwa. Mvua ikilowesha maranda ya sakafuni, ile harufu inaingia chumbani, inakaa kitandani, inanisubiri nitoke kazini. Jana nikasema sasa basi. Nimelishusha turubai mpaka chini, nimelipigilia misumari, na mapengo yote nimeyaziba kwa magunia matupu ya chakula. Magunia kumi na moja. Nilibeba zege miaka sita kabla ya kuja kwenye kuku, ndiyo maana hapa wananiita Zege, na kama kuna kitu nilichojifunza kwa mafundi ni kuziba. Hapapiti hata nzi.

Chumba leo kinanuka sabuni na soksi zangu. Raha.

Siku kumi na tisa, halafu likizo. Jumamosi ya tarehe 22, gari la alfajiri. Siku kumi na nne nyumbani. Miaka miwili na miezi minne sijakanyaga kwetu. Kitinda mimba nilimwacha tumboni, sasa anakimbia. Mama watoto anasema simu ikilia mtoto anapiga kelele "Baba!" Akionyeshwa picha yangu anauliza huyu nani. Maana yake mimi ni simu.

Likizo yangu imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisini, kwa mkono wa Madamu mwenyewe. Madamu ndiye mwenye shamba. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini, akastaafu, akanunua kuku. Watoto wa watu wakapumzika, tukaanza shule sisi.

Jumatano, 5 Juni

Kuku mmoja amefumba jicho la kushoto. Nilidhani ananikonyeza.

Nikamshika. Kope zimegandana, pembeni kuna povu. Nikampelekea msimamizi. Huyu tunamwita Mzee Ripoti, kwa sababu hata ukikohoa anataka umletee ripoti. Akamwinua kuku juani, akamtazama muda mrefu, akasema, "Vumbi." Mzee Ripoti hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Jibu linaweza kuwa baya, lakini lipo.

Mvua wiki nzima. Vumbi litoke wapi?

Nikamrudisha kuku bandani.

Ijumaa, 7 Juni

Ishirini na tatu.

Uso unavimba upande mmoja kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Usaha mzito, wa njano, kama gundi ya seremala. Wanafuta jicho begani, kama mtoto anayelia na hataki aonekane. Wenye macho yote mawili mabaya wanasimama karibu na chombo cha maji na hawakioni. Wanadonoa hewa.

Mwenzangu wa banda la pili amekuja kutazama. Yeye ni Kipaza. Jina hilo alipewa kwa sababu siri ukimpa wewe, inafika getini kabla yako. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kaka Zege, hawa wanalia. Wamesikia unaondoka."

"Nenda kwa kuku wako."

"Wangu wazima. Mimi siendi popote."

Ni kweli, wake wazima. Banda lake limejengwa sawa na langu, chakula kimoja, maji ya tangi moja. Nimelifikiria hilo mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Juni

Mkutano wa dharura. Madamu ametupanga mstari mbele ya stoo, warefu nyuma. Tuko watatu. Mimi nyuma peke yangu.

Akainua kuku mmoja. "Nani anaweza kuniambia huyu ana nini? Mkono juu."

Mzee Ripoti akanyoosha mkono. "Mafua, Madamu."

"Juzi uliniandikia vumbi."

"Lilianza kama vumbi, Madamu, likawa mafua."

Kipaza akaanza kucheka, Madamu akamtazama, kicheko kikarudi kilikotoka. Akasema amemwita daktari wa mifugo, atafika Jumatatu. Mpaka hapo, na baada ya hapo, hakuna mtu kutoka getini, asije akaupeleka ugonjwa kwa majirani au akauleta mwingine. Geti limefungwa mpaka jicho la mwisho lifunguke.

Nikanyoosha mkono. Nimezaa watoto wanne na bado nanyoosha mkono.

"Na likizo, Madamu?"

"Likizo ni ya waliofaulu."

Ndiyo hivyo. Siku kumi na nne. Macho mabaya ni arobaini na kitu, na kila asubuhi yanaongezeka. Niliishia darasa la sita lakini hesabu hiyo naiona.

Jumapili, 9 Juni

Nimempigia mama watoto. Nikamweleza taratibu, nikaanzia mbali, kwenye mvua. Akaniacha nimalize.

"Yaani kuku wameumwa macho, ndiyo wewe usije?"

"Si kwamba siji. Ni kwamba huenda—"

"Wewe ni miwani yao?"

Akaendelea. Mwaka jana ilikuwa vifaranga wamefika, mwaka juzi mwenzako amevunjika mguu. Mwakani kuku watakuwa na mtihani. Yeye amechoka kuwaeleza wakwe na majirani. Mdogo wangu ameshaanza kukaa kwenye kiti changu, juzi kaamua mwenyewe mbuzi afungwe wapi, na kaamua vibaya, kamba imefika kwenye mboga.

"Njoo vyovyote utakavyokuja," akasema. "Mimi sitakuuliza."

Mtoto akapewa simu. Akasema "Baba," halafu nikasikia sauti ya ulimi. Amenilamba. Halafu akanikata.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Niandike yote.

Daktari amefika kwa pikipiki. Binti mdogo kuliko nilivyomtarajia, koti jeupe, buti za mpira alizoziosha mwenyewe getini kabla ya kuingia na mara ya pili mlangoni. Mzee Ripoti akaanza kumsomea ripoti, akamwambia, "Subiri kidogo, baba." Akaingia bandani, akasimama tu. Hakushika kuku hata mmoja. Akanusa.

Akaniuliza, "Wewe ndiye wa banda hili?"

"Mimi."

"Chuchumaa."

Nikachuchumaa.

"Zaidi. Kichwa kiwe pale kilipo kichwa cha kuku."

Nikaweka kichwa pale. Madamu, Mzee Ripoti na Kipaza wamesimama wananitazama nimeinama kama anayetafuta shilingi. Sekunde kumi, si kitu. Ishirini — macho yakaanza kuwasha. Kufika nusu dakika yanatiririka, pua inatiririka, koo kama nimemeza chaki. Nikasimama nikijifuta kwa kiganja.

"Umeona?" daktari akasema. "Sisi tunapumua huku juu. Wao wanaishi huko chini saa ishirini na nne."

Akatueleza. Kinyesi kikichanganyika na maranda mabichi kinatoa hewa kali. Banda likiwa wazi, upepo unaichukua. Banda likifungwa, inabaki chini inawaunguza macho. Jicho likishaungua ni kama mlango uliovunjwa, vijidudu vinaingia vinavyotaka. Bakteria. Ndio wanaoleta usaha. Lakini bakteria hawa hawakuvunja mlango, wameukuta wazi.

Halafu akageuka, akatazama turubai langu. Misumari yangu. Magunia yangu kumi na moja, nilivyoyapanga, moja limelala juu ya mwenzake, kazi safi kabisa.

"Nani ameziba huku?"

Naapa nilifungua mdomo. Lakini Mzee Ripoti hawezi kuacha swali lianguke chini.

"Tuliziba kwa ajili ya baridi, daktari. Afya ya kuku kwanza."

Mzee wa watu hajui chochote. Hajui nani kaziba, wala lini. Kasikia swali tu.

"Kuku wana manyoya, baba."

Madamu akavua miwani. "Yaani unawavalisha kuku wangu sweta?"

Nikafunga mdomo.

Maagizo ya daktari: turubai lifunguliwe sasa hivi. Maranda yote yatolewe, yawekwe makavu. Dawa kwenye maji siku tano. Wenye macho mabaya waoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, wapakwe dawa ya macho asubuhi na jioni. Mayai ya siku za dawa, na wiki moja baada yake, hayauzwi wala hayaliwi, yafukiwe. Hapo Kipaza, mpenda mayai, akashika moyo.

Jioni nimeng'oa misumari yangu mwenyewe.

Kwenye ubao wa ofisini, chini ya jina la Mzee Ripoti, Madamu ameandika "magunia" na kuweka alama ya kosa. Nyekundu.

Jumanne, 11 Juni

Nimetoa maranda tangu asubuhi. Toroli hamsini na tatu. Mgongo hauna tofauti na siku za zege, ila zege halinuki.

Kuku wenye macho mabaya ni sitini na mmoja. Nimejifunza namna. Unamfunga kuku kwenye gunia kichwa kikiwa nje, kama mtoto mchanga, unamkumbatia kwapani. Kitambaa chenye maji ya chumvi unakiweka juu ya jicho, unasubiri, hukwangui. Gundi inalainika. Kope zinaachana kidogo, halafu jicho linakutazama. Jekundu, lina hasira, lakini ni jicho. Unachora mstari mwembamba wa dawa. Unamwachia. Anakukimbia kama umemwibia.

Shida ikaja kwenye kuku wa kumi na kitu. Nani ameshapakwa, nani bado? Kuku ni kuku. Wote weupe. Mmoja nadhani nimempaka mara tatu, alikuwa anang'aa uso mzima.

Kipaza akasema anayo dawa ya hilo. Akaleta kopo la rangi ya bati iliyobaki walipoezeka stoo. Nyekundu.

"Tone moja mgongoni, kaka. Aliyepakwa ana tone. Asiye na tone, mkamate."

Nikaona hiyo akili. Tumeweka matone sitini na moja.

Jumatano, 12 Juni

Sikujua. Nimetoka kwenye ujenzi, ningejuaje?

Kuku akiona kitu chekundu kwenye mwili wa mwenzake anakidonoa. Akidonoa inatoka damu. Damu nayo nyekundu. Wanakuja wengine. Nimefungua banda asubuhi nimekuta vita. Wagonjwa wanakimbizwa na wazima, wengine hawaoni vizuri, wanajigonga kwenye nguzo, mia tatu nyuma yao kama watu wanaofukuza mwizi. Kumi na saba wamedonolewa migongo. Hakuna aliyekufa, nashukuru.

Nikamwita Kipaza. Miaka minne yuko hapa!

"Hukujua wanapenda nyekundu?"

Akakuna kichwa. "Nilijua wanaipenda. Sikujua wanaipenda hivyo."

Daktari akasema kwenye simu tuwatenge wagonjwa, tuwapake ile dawa ya zambarau ya vidonda, ifunike damu na ifunike rangi. Hakucheka, lakini aliniuliza mara mbili kama ni rangi ya bati kweli. Tumewapaka wote sitini na moja, migongo na mikia. Dawa ile haichagui. Mimi zambarau mpaka viwiko, Kipaza zambarau sikio moja.

Madamu akaja saa tisa. Akawatazama kuku. Akatutazama sisi.

"Nani amewashonea sare?"

Mzee Ripoti akasema, "Ni utaratibu mpya, Madamu."

Ijumaa, 14 Juni

Yanafunguka!

Niliamka naogopa kuhesabu. Nimehesabu mara mbili. Sitini na mmoja wamebaki thelathini na nne. Banda linapumua, maranda makavu, ukitembea yanalia chini ya buti. Chumbani kwangu ni jehanamu kama zamani, naamka na kitambaa usoni. Sina neno. Ni haki yangu.

Kilichonikaa moyoni ni Mzee Ripoti. Adhabu yake ni kusugua vyombo vya maji vya mabanda yote matatu, kila asubuhi, kabla ya chai. Mtu wa miaka sitini na kitu, magoti yanalia kama bawaba. Leo nikaenda kumsaidia. Nikachukua brashi.

Akasema, "Acha, mwanangu. Nilikosea mimi kuagiza yale magunia."

Nikasimamisha brashi.

"Uliagiza, mzee?"

"Niliagiza. Niliona baridi ile, nikasema, zibeni. Nakumbuka kabisa nilikuwa nimesimama pale." Akaonyesha mahali. "Nilitaka mema."

Ana huzuni ya kweli. Amelikumbuka jambo ambalo halikutokea, mpaka mahali aliposimama. Nikasema, "Mzee, magunia yale—" Akanipiga bega, akaniambia nisimtetee, mtu mzima hubeba kosa lake.

Nimesugua vyombo kumi na vinne. Haikunisaidia.

Jumapili, 16 Juni

Simu ya mama watoto ilikuwa imekufa tangu Alhamisi. Nimepiga siku tatu bila majibu, nimefikiri mabaya yote. Leo imeita. Kumbe iliingia maji, ikapelekwa kwa fundi. Mtoto, aliyeenda huko na kaka yake, alipoona simu imefunguliwa, imelala mezani matumbo nje, akaanguka chini, akalia kwamba Baba amekufa. Watu wakajaa. Jirani mmoja akakimbia nyumbani kumpa pole mama watoto.

Mama watoto alinisimulia anacheka. Mwishoni akawa hacheki.

"Sasa yule fundi, mtoto anamwita daktari wa Baba," akasema. "Anamsalimia njiani."

Wamebaki kumi na tisa.

Jumanne, 18 Juni

Sita.

Nawajua mmoja mmoja sasa. Kuna mmoja akiniona na kitambaa anakuja mwenyewe, anageuza shavu. Kipaza anasema nimepata mke mdogo. Nimemwambia anyamaze, akapeleka habari mpaka jikoni.

Gari la Jumamosi bado lina nafasi. Nimeuliza.

Jumatano, 19 Juni

Mmoja.

Nimemwosha mara nne leo. Nimeweka kitambaa mpaka maji yakapoa, nimepaka dawa mpaka ikabaki tyubu tupu. Jicho la kulia, limefumba kama mlango wa ofisi Jumapili. Hakuna uvimbe, hakuna usaha, hakuna povu. Limefumba tu.

Tukamkalia kikao nyuma ya stoo. Mimi, Kipaza, Mzee Ripoti, na kuku mwenyewe kwapani.

Kipaza: "Kaka, kuku mmoja. Mchuzi. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Ukishajua wewe, nani hatajua?"

Mzee Ripoti akamchunguza, akatoa uamuzi. Jicho lisipofunguka halimaanishi limefungwa. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema ndiyo maana yeye ni msimamizi.

Daktari anakuja kesho kukagua. Kama jicho hili halitafunguka, geti halitafunguka. Sijawahi kumbembeleza kiumbe kama nilivyombembeleza kuku huyu. Nimemwita mama, dada, shangazi. Amenikunyia.

Alhamisi, 20 Juni

Daktari alimshika, akafunua kope kwa kidole, akacheka. Mara ya kwanza kumwona anacheka.

"Huyu hana jicho. Alidonolewa zamani, pengine kifaranga. Humu ndani hamna kitu."

Kipaza akajiziba mdomo.

"Umekuwa unaosha shimo," akaniambia, kwa upole.

Kipaza ilibidi atoke nje. Madamu akatafakari, akasema jicho ambalo halipo halihesabiwi. Geti lifunguliwe. Nilitaka kumbusu kuku, kumbusu daktari, kumbusu geti. Nikasimama wima tu, mikono ubavuni, kama tulivyozoezwa.

Hapo ningeacha kuandika, siku ingekuwa nzuri.

Baada ya daktari kuondoka tukaitwa ofisini. Madamu akatoa hotuba. Akasema katika miaka yake yote hajaona mtu wa kazi mwenye moyo kama wangu. Asubuhi na jioni, kuku mmoja mmoja, mpaka asiye na jicho ameoshwa. Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni kiongozi wa afya wa mabanda yote matatu. Wapige makofi. Wakapiga. Mzee Ripoti alipiga kuliko wote, mikono imechubuka kwa kusugua vyombo.

Halafu akachukua kifutio. Wiki ijayo vinaingia vifaranga mia sita, kiongozi wa afya hawezi kukosekana. Likizo tutaipanga upya. Desemba, labda.

Akafuta. Jina langu, tarehe, vyote. Mkono mmoja tu.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Asante, Madamu."

Ulimi wangu huu. Ungenitoka wenyewe ukaenda zake.

Ijumaa, 21 Juni

Naandikia hapa kwenye benchi, nje ya ofisi. Saa nne na nusu. Madamu yuko ndani anakagua daftari la mayai kwa kalamu nyekundu, nasikia anavyokwaruza.

Sikulala, na safari hii si harufu. Nimepiga hesabu huku na huku. Nikinyamaza, ninacho cheo, Desemba inakuja, labda. Nikisema ukweli, kiongozi wa afya ndiye aliyewapofusha kuku, na Madamu hana adhabu ndogo.

Asubuhi nilimpigia mama watoto. Nikamwambia nimepanda cheo.

"Hicho cheo kinakuja nyumbani lini?"

"Desemba. Labda."

"Haya," akasema. Haya tu. Afadhali angenitukana. Mtoto alikuwa anaomba simu, nikamsikia, lakini hakupewa.

Nikatoka hapo moja kwa moja kwa Mzee Ripoti, yuko na brashi yake. Nikamwambia yote. Harufu, misumari, magunia kumi na moja, Jumapili ile. Nikamwambia hukuagiza wewe, mzee, ni mimi kwa mikono yangu, na wewe nimekuacha unasugua siku kumi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Unanihurumia. Niliagiza mimi. Nakumbuka."

"Hukuwepo, mzee. Ilikuwa Jumapili, ulikuwa umelala."

Akakaa chini juu ya ndoo. Akafikiri muda mrefu sana kwa mtu ambaye huwa hafikiri kabla ya kujibu.

"Nilikuwa nimelala," akasema taratibu. Halafu akachukia, lakini si sana. Akanitupia brashi, ikanipiga kifuani, akaniambia mimi ni mbwa. Nikakubali. Akaomba arudishiwe brashi. Nikampa.

"Sasa unataka nini?" akauliza.

"Nikamwambie Madamu. Afute lile kosa lako."

"Atakufukuza."

"Najua."

"Na ukifukuzwa, hiyo ni likizo isiyo na mwisho, mwanangu. Utakula nini? Mimi kusugua nimeshazoea. Nyamaza. Chukua cheo."

Mzee wa watu. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza kunipa jibu la maana, na sitalifuata. Au nitalifuata? Hata sasa sijui. Kipaza sijamwambia. Ningemwambia Kipaza nisingehitaji kuja ofisini.

Huenda asinifukuze. Huenda aniweke kona nimesimama kwa mguu mmoja, aandike jina langu ubaoni, anipe vyombo vya maji mpaka Desemba. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kusema ukweli. Kwamba atanisamehe na kunibakiza. Nisiwe na cheo, nisiwe na likizo, niwe na brashi.

Gari ni kesho alfajiri. Begi nimelifunga. Nilijiambia nalifunga tu nione kama zipu bado inafanya kazi. Inafanya. Ndani kuna gauni dogo, nimelinunua kwa kukisia, sijui mtoto wa miaka miwili anafika wapi. Nilipima kwa mkono hewani mbele ya muuzaji, akaniuliza una uhakika, nikasema nina uhakika.

Kalamu ya ndani imenyamaza.

"Anayefuata!" Kana kwamba tuko wengi.

Begi nilikuwa nataka kuliacha hapa chini ya benchi. Naingia nalo.